Vifurushi Nusu kwa Nusu

Mimi si mgomvi. Wanaosema mimi ni mgomvi ni wale niliogombana nao, na hao huwezi kuwasikiliza. Lakini kwa miaka miwili, ndani ya chumba kimoja cha matofali ya udongo huku Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, niligombana na mwanamume mmoja juu ya jambo ambalo hata mume wangu aliona haya kuwaeleza watu. Wakimuuliza, alikuwa anasema ni mambo ya shamba.

Tuligombana juu ya visimamizi vya vifurushi.

Ngoja nieleze, usicheke bado. Laptop zinazofika kwetu ni zile ambazo wenye nazo wamezichoka. Kumbukumbu yake ni ndogo, na ukizitia mfumo wa kawaida zinakoroma tu. Kwa hiyo sisi mafundi tunazitia mfumo mwepesi, wa bure, unaoweza kukaa hata kwenye flash ndogo. Mfumo huo unakuja mtupu. Ukitaka programu ya kuchapa barua au ya kuangalia vidio, unamtuma msaidizi aliyemo ndani yake aende kwenye ghala la mtandaoni akuletee. Msaidizi huyo ndiye kisimamizi cha vifurushi. Kila mfumo una wake, na hawapeani chakula: kifurushi kilichofungwa kwa ajili ya mfumo wangu hakiingii kwenye wako, hata ukikiombea.

Mpinzani wangu alikuwa Mrundi, Mkatoliki wa kuamka alfajiri, aliyefundisha shule ya msingi kwao kabla ya kukimbia. Sote tulimwita Mwalimu. Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, na kanisani kwetu tunapiga ngoma. Tuligawana kile chumba kwa rido, pazia la maua mekundu, yeye kushoto na mimi kulia, kila mmoja na laptop yake na wateja wake.

Kisimamizi chake kilikuwa mtu wa utaratibu. Ukikiagiza kifurushi kimoja, kinakagua sahihi, kinauliza hiki kinategemea nini, na hicho kinategemea nani, halafu kinaleta ukoo mzima. Lakini kikishaleta, kimeleta. Unazima mashine, unawasha kesho, kila kitu kipo mahali pake. Changu kilikuwa hakina maneno mengi. Kinachukua ulichotaka, kinakitupa kwenye kumbukumbu ya muda, na mashine inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Ila ukizima bila kuhifadhi, inasahau yote. Mwalimu aliita hiyo kasoro. Mimi niliiita usafi.

"Dada fundi," alikuwa anasema kutoka nyuma ya rido, taratibu, ile sauti ya kusahihisha madaftari, "mashine yako ni mulevi. Kila asubuhi lazima aambiwe jina lake."

"Na yako ni karani wa mpaka," namjibu. "Mutu anapita na kuku, anaombwa karatasi ya babu ya kuku."

Wateja walikuwa wanakaa nje wakisubiri tumalize. Wengine walikuja bila shida yoyote ya kompyuta.

Ndipo akaja jirani yangu, mama muuza ndagala, yaani dagaa, na sahani.

Nasema sahani, ni diski ya vidio. Mama huyu ni Mkongomani wa Uvira aliyeolewa na Mrundi. Siku ya kukimbia walipotezana njiani, mume huku, yeye kule, na kwa miaka kumi na mmoja hakujua kama ana mume au ni mjane. Halafu habari ikaja kwamba mume yu hai, yuko kambi ya nchi nyingine. Kuna ofisi inayounganisha watu wa namna hiyo, lakini haiunganishi kwa machozi. Inamuuliza mume kule, inamuuliza mke huku, majibu yanalinganishwa, na lazima kuwe na ushahidi wa ndoa. Karatasi zao ziliungua pamoja na nyumba. Kilichobaki ni ile diski ya harusi, ambayo mama aliishonea kwenye pindo la kitenge siku aliyokimbia. Mume alikwisha kuhojiwa. Zamu ya mama ilikuwa Alhamisi, na siku aliyotujia ilikuwa Jumamosi.

Deki ya kibanda cha sinema ilikuwa imeitema diski mara tatu. Simu hazikuielewa kabisa. Yule mpiga picha wa Uvira, Mungu amsamehe, aliijaza kwa namna ya kamera yake mwenyewe, ya kizamani, na ilihitaji programu maalumu ya kuifungua. Mtu wa studio mjini Mbarara alisema angeweza, ila aachiwe diski wiki mbili. Mama alikataa. Alisema ile sahani haijawahi kulala nje ya nguo yake.

Alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba, rido ikimgusa bega, akatutazama sote wawili.

"Bakisema sikukuwa bibi yake," aliuliza, "sasa mimi nitakuwa nani?"

Mwalimu akanyoosha mkono, akaipokea sahani. Laptop yake ilisoma diski vizuri, tukaikopi na kwenye yangu, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na programu ya kuicheza. Mtu mwenye akili angesema: chagueni mashine moja, nendeni Mbarara kwenye mtandao wa nguvu, leteni vifurushi vyake vyote, mambo kwisha. Nasi tulikubaliana kabisa, isipokuwa juu ya mashine gani. Tulibishana mpaka mama akaondoka kwenda kuuza ndagala zake, na jioni ile jambo likafika kwenye komite.

Kwetu hakuna jambo lisilo na komite. Kisima kina komite, mazishi yana komite, na chumba chetu kilikuwa nayo: prezida, makamu, sekretari, washauri wawili, na mzee mmoja wa kushika muhuri ambaye hakuwa na kazi nyingine duniani. Wakikaa, wanaandika peve, yaani taarifa ya kikao, kwa Kifaransa, hata kama kikao chenyewe kilikuwa juu ya ufagio. Peve ikishapigwa muhuri, hata malaika hawezi kuifuta.

Prezida alitusikiliza, akasema hili si jambo jipya. Kwaya mbili zikigombea kuimba Noeli, watu hufanya nini? Wanafanya konkuru, mashindano, na majaji wanatoa pointi. Basi na visimamizi vya vifurushi vifanyiwe konkuru. Na kwa kuwa mimi ni Mkongomani na Mwalimu ni Mrundi, jaji asiwe wa upande wowote. Wakamteua Munyankore mmoja, mwenyeji wa Uganda kutoka Endiinzi, aliyekuwa anatuletea maziwa kila asubuhi kwa baiskeli. Kompyuta hakuwahi kuigusa maishani, na komite iliona hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Jumatatu mchana chumba kilijaa. Pointi zilikuwa zilezile za kwaya: kuingia, mavazi, nidhamu, na utii kwa mwalimu wa kwaya. Waliongeza "sauti", lakini hakuna aliyejua tuipime vipi, ikafutwa, na peve ikaandikwa kwamba imefutwa.

Kwenye kuingia, yangu iliwaka kabla jaji hajakaa. Ya Mwalimu iliingia polepole, maandishi meupe yakipanda kwenye kioo mstari kwa mstari. Nikajua nimeshinda. Jaji wa maziwa akainama, akayatazama yale maandishi kwa heshima.

"Huyu amesoma," akasema, na akampa pointi sawa na zangu.

Mavazi, mke wa Mwalimu alikuwa ameifunika laptop kwa kitambaa cha kufuma, kama cha altareni. Yangu niliipangusa kwa mafuta ya taa. Sitaki kuzungumza juu ya mavazi.

Kwenye nidhamu, tuliagiza kila mmoja kifurushi kimoja kidogo kwa bando ya simu. Cha Mwalimu kiliuliza kwanza: nilete au nisilete? Jaji akapiga makofi. "Huyu anapiga hodi!" Changu kilileta bila kuuliza mtu. Jaji akatikisa kichwa. "Huyu naingia kwa nyumba ya watu bila hodi," akasema, kisha akafikiri. "Lakini ng'ombe ya namna hii ndiyo natoa maziwa mingi."

Kwenye utii nikamzidi, maana yangu ilifungua kila nilichoiagiza papo hapo, nikafidia niliyoyapoteza. Wakajumlisha. Sare.

Komite haipendi kitu duniani kama sare. Prezida alisimama, uso unang'aa, akasema hata harusi yenyewe ilikuwa ya pande mbili, bibi Mkongomani, bwana Mrundi, na Mungu amesema kupitia jaji wa maziwa. Kwa hiyo vifurushi vitaletwa sawa kwa sawa: nusu kwa mashine ya kushoto, nusu kwa mashine ya kulia, kama mgao wa mahindi, pasiwe na upande wa kulalamika. Sekretari akaandika. Mzee wa muhuri akahema kwenye muhuri, akapiga.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua huu mdomo wangu ambao watu wote wanaulalamikia. Nusu ya vifurushi si programu, ni nusu ya programu. Nilijua. Mwalimu naye alijua, nilimwona anaangalia viatu vyake. Na nilijua zaidi ya hapo: kwa kazi hii, mashine iliyofaa ilikuwa yake, maana inakumbuka. Ningesema sentensi moja tu: mpeni Mwalimu vyote. Sikusema. Roho yangu ilikataa kumpa yule mtu furaha hiyo mbele ya watu. Nikanyamaza, na peve ikakauka.

Jumanne nikaenda Mbarara, mpaka Ruti, kwenye barabara ya Kabale, kwa fundi mmoja wa simu tunayejuana. Duka lake lina mtandao unaokimbia. Nilimweleza, nikamwonyesha na peve. Akaigeuza juu chini.

"Nyabo, mama," akasema, "hii karatasi nasema nini?"

"Nusu huku, nusu kule."

"Lakini mutu moja, suruali moja. Wewe napeleka mguu moja kwa huyu, mguu ingine kwa ule?"

"Karatasi ina muhuri," nikamwambia. Nilisikia mwenyewe jinsi ninavyosikika.

Umeme ungekatwa saa kumi na moja, tulikuwa tumeambiwa. Muda ulitosha vifurushi vyote vya mashine moja, au nusu za mashine mbili, basi. Nilimpigia prezida. Nilimwambia, baba, hii haitafanya kazi. Akaniuliza kwa upole kama nataka kurudisha vita kwenye mtaa. Basi nikapakua. Kwa mashine ya Mwalimu nikachukua kichezeshi na vifurushi vya picha. Kwa yangu nikachukua kichezeshi na vifurushi vya sauti. Saa kumi na moja kasoro tano taa zikazimika, na yule fundi akanisindikiza mpaka barabarani akinionea huruma kama mgonjwa.

Jumatano tukasakinisha. Mashine ya Mwalimu ikamleta mama kwenye kioo, amevaa gauni jeupe, anashuka kwenye gari lililofungwa maua, na hakuna sauti hata ya nzi. Mashine yangu ikawa nyeusi tii, lakini humo ndani watu wanapiga vigelegele na ngoma na mtu anaita gari lirudi nyuma. Mama alisimama katikati ya rido, jicho upande wa Mwalimu, sikio upande wangu.

"Nilikuwa mwembamba vile?" akauliza. Halafu akaanza kulia, na sikujua analia harusi au analia kesho.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimwita Mwalimu nje, nikamwambia yote: kwamba mashine yake ndiyo ilifaa, kwamba nilijua tangu Jumatatu, kwamba nilinyamaza kwa kiburi. Nilitegemea anisomee somo. Akakuna kidevu.

"Na mimi nilijua," akasema. "Nilitaka wewe njo useme," yaani mimi ndiye niseme.

Muda wa kurudi Mbarara haukuwepo. Tuliamua tutabeba mashine zote mbili na kuzianzisha kwa pamoja.

Ila yangu haikuweza kuzimwa. Kumbukumbu ilikuwa imejaa mpaka pomoni, hapakuwa na nafasi ya kuhifadhi chochote, na betri yake ilikufa zamani. Ikikosa umeme hata sekunde moja, inasahau vifurushi, inasahau harusi, inasahau kila kitu. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Rubondo nzima iliona pikipiki moja imebeba dereva, nyuma yake mimi na laptop inayowaka imefunguliwa mapajani, nyuma yangu Mwalimu amekumbatia beseni lenye betri ya sola na kigeuzi cha umeme, na waya umenizunguka kiunoni mara mbili. Mashine ya Mwalimu ilikuwa imezimwa, imelala kwenye begi lake kwa amani. Hakunikumbusha hilo hata mara moja, na namheshimu kwa hilo. Mama alikuwa mbele kwenye pikipiki nyingine, ameshika pindo la kitenge.

Ofisini alikuwepo mwanamke mmoja, Mganda, mwenye miwani na faili. Alitutazama tulivyoingia, akalitazama beseni, akaamua kutouliza. Tuliruhusiwa kukaa nyuma. Akaanza na mama.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Jina la parokia, mama alijua. Nani walisimamia, alijua. Halafu yule Madame wa miwani akageuza karatasi.

"Mama, siku ya harusi yenu," akasema, "niambie kitu moja ilitokea ambayo mutu hakukuwa pale hawezi kujua."

Mama akafungua mdomo. Nikaona uso wake unafutika. Hofu ilikuwa imemkamata, ile hofu ya meza na kalamu ambayo sisi wote tunaijua. Akasema kulikuwa na wali. Akasema kulikuwa na watu wengi. Madame akangoja.

"Nimesahau, Madame," akasema. "Yote imetoka mu kichwa."

Kalamu ikaandika kitu kifupi. Mwalimu akanishika mkono, yeye ambaye hata salamu ananipa kwa mbali. Nikasimama, nikasema tuna ushahidi, tunaomba ruhusa. Tukaweka mashine mbili mezani, bega kwa bega. Mwalimu akahesabu kama anaanzisha mbio za shule: moja, mbili, tatu.

Tulibonyeza pamoja, Mungu shahidi. Lakini yangu, kwa tabia yake, ikaruka mbele. Kwenye kioo cha Mwalimu bibi harusi alikuwa bado anatembea kati ya mabenchi, na kwenye mashine yangu padri alikuwa tayari anasoma.

"Je, wewe binti, unakubali kum..."

"Ndiyo!"

Sauti ya msichana, kali, ya furaha, imemkata padri katikati ya neno. Halafu kanisa zima likacheka.

Madame akainua kichwa. "Hii mashine yenu imekata maneno ya padri?"

Nikasimama tena. Nilikuwa tayari kumweleza yote: kisimamizi changu, kisimamizi cha Mwalimu, kumbukumbu ya muda, peve, jaji wa maziwa. Nilikuwa nimefika kwenye kumbukumbu ya muda mama aliponivuta kitenge.

"Kaa chini, dada," akasema. "Haiko mashine. Njo mimi nilimukata."

Alikuwa ameinuka nusu, macho yamerudi usoni. "Madame, nilijibu mbele padri hajamaliza. Nilisema nikichelewa bwana atabadilisha mawazo. Batu bote balicheka, na mama yangu alinifinya baadaye. Angalia, itafika. Ngoja."

Tukangoja. Sauti yangu ikaenda zake kwenye nyimbo. Kwenye kioo cha Mwalimu, bila sauti, bibi harusi akafika mbele, padri akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari. Kidole hakijasogea hata nusu ya mstari, mdomo wa msichana ukafunguka. Padri akageuka. Mabenchi yote yakainama kwa kicheko kisicho na sauti, na yule bwana harusi akafunika uso kwa mikono miwili.

Madame alivua miwani, akaivaa tena. Akafungua faili nyuma kabisa, akatoa karatasi iliyotoka kule nchi nyingine.

"Bwana wako waliuliza yeye swali hii hii," akasema. Akasoma polepole. "Anasema: bibi yangu alijibu padri kabla ya kuulizwa, watu wakacheka mpaka misa ikasimama."

Akachukua kalamu, akaandika mistari miwili, akasema hiyo inatosha. Mama hakuonekana kusikia hayo.

"Alisema akicheka," aliuliza, "ao akinung'unika?"

Madame akarudi kwenye karatasi, akaifuata kwa kidole mpaka pembeni.

"Hapa kando wameandika," akasema. "Alicheka kidogo, halafu akaomba maji."

Mama akaliachia pindo la kitenge alilokuwa amelishika. Akamgeukia Madame.

"Madame," akasema, "na mimi naomba maji."

Mwalimu na mimi tukainuka kwa mara moja, tukaenda kuyatafuta.